Wachezaji wanaohesabiwa wamepotea, kumbe wako ziwani

*Kampuni za gemu za bunduki mtandaoni zinatumia kila mbinu kuwazuia wachezaji wasiondoke. Kasanga, mkoani Rukwa, inaonyesha mbinu hizo zinakokosea.*

KASANGA, Kalambo. Usiku wa giza, bandari hii ya kusini mwa Ziwa Tanganyika hukosa vijana. Jua likizama, boti hutoka na taa zake, dagaa hufuata mwanga, na nyavu huinuliwa mpaka alfajiri. Asubuhi kazi ni kuanika, kuuza na kulala.

Mwezi ukishakuwa mpevu mambo hubadilika. Taa ya mvuvi haifui dafu mbele ya mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki, na boti hubaki ufukweni. Ni siku za kushona nyavu, kunywa chai na kupumzisha mwili. Ni siku za gemu pia: vijana wanne wameinamia simu zao, mmoja akiwaonya wenzake kwa sauti kwamba adui amejificha nyuma ya nyumba.

Kijana aliyerudi kutoka ziwani hukutana na mengi kabla ya kufyatua risasi ya kwanza. Gemu inamtaka apakue toleo jipya, na toleo hilo linaweza kumeza bando lote la wiki. Akishalipakua, anaambiwa msimu aliouacha umekwisha. Cheo alichokipigania kimeshushwa. Vazi alilokuwa amebakiza hatua chache kulipata limeondolewa. Mkuu wa kikundi chake amemfuta kwa sababu hakuonekana.

Hakuacha gemu kwa hiari wala hakuichoka. Alikwenda kazini.

Siku ya 1, ya 7 na ya 30

Kampuni inayotengeneza gemu ya mtandaoni haimjui kijana huyo kwa jina. Inamjua kwa tarakimu. Kipimo kinachotumika zaidi katika biashara hii ni kuangalia wangapi kati ya waliopakua gemu leo watarudi kesho, wangapi watarudi baada ya siku 7, na wangapi baada ya siku 30. Kwa tarakimu hizo tatu mwekezaji huamua kuongeza fedha, na bosi huamua kuvunja timu nzima.

Sasa chukua kalenda ya mvuvi wa dagaa. Karibu wiki tatu za kila mwezi ni za kazi ya usiku, na takriban wiki moja ya mbalamwezi ni ya mapumziko. Akipakua gemu siku ya mwisho ya mapumziko yake, kipimo cha siku ya 7 kitamkuta ziwani na kumwandika kama mtu aliyepotea. Wiki mbili baadaye atafungua simu akiwa na hamu ileile, lakini gemu itakuwa imekwisha kumwadhibu.

> Karibu wiki tatu za kila mwezi ni za kazi ya usiku. Kipimo cha siku ya 7 humkuta mvuvi ziwani na kumwandika kama mtu aliyepotea.

Wengine hukaa mbali kwa muda mrefu zaidi. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana. Kipato kikikatika namna hiyo, bando la gemu huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuachwa. Kwa wakulima wa juu, kwenye uwanda wa Ufipa, msimu wa kulima na kuvuna mahindi nao hauna nafasi ya kukaa na simu.

Hoja ya makala haya ni moja. Kampuni nyingi zimejenga gemu zao kwa mtu ambaye yupo kila siku, ana intaneti kila siku na ana umeme kila siku. Zinapompoteza mtu asiye na hayo, husema hakuipenda gemu. Mara nyingi si kweli.

Gemu ilipokuwa inanunuliwa mara moja

Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Doom ilipotoka mwaka 1993 na Quake mwaka 1996, mtu alinunua gemu, akaimaliza peke yake au akashindana na rafiki zake, na hesabu ya kampuni ikafungwa hapo. Kilichowarudisha watu ni wachezaji wenyewe, waliopewa nafasi ya kuchora ramani zao na kugeuza kanuni.

Counter-Strike ilizaliwa hivyo mwaka 1999. Minh Le na Jess Cliffe waliijenga juu ya gemu nyingine, Half-Life, na kampuni ya Valve ikaichukua baadaye. Ramani yake maarufu ya Dust II, aliyoichora Dave Johnston mwaka 2001, inachezwa hadi leo. Imefanyiwa ukarabati, lakini njia zake, milango yake na kona zake ni zilezile. Hakuna zawadi ya kila siku iliyoitunza ramani hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Imetunzwa na usawa wake: aliyeijua vizuri hushinda, na aliyekaa mwaka mzima bila kucheza akirudi bado anazijua njia.

Mkondo ulibadilika gemu zilipoanza kutolewa bure. Ikiwa kuingia ni bure, fedha lazima ipatikane ndani. Mwaka 2013 Valve iliuza kitabu cha kidijitali kuelekea mashindano ya Dota 2, ambapo mnunuzi alifunguliwa zawadi kadiri alivyoendelea kucheza. Desemba 2017 Fortnite iliuchukua mtindo huo na kuufanya pasi ya msimu: unalipia mwanzoni, kisha unacheza kwa wiki kadhaa ili kuvifikia vitu ulivyokwishalipia. Usipofika, msimu unafungwa na vinabaki huko.

Hapo ndipo hofu ya kupitwa ilipogeuzwa kuwa biashara. Oktoba 13, 2019 Fortnite iliifuta ramani yake yote mbele ya macho ya wachezaji na kuacha shimo jeusi kwenye skrini, na kwa takriban siku mbili hakuna aliyeweza kucheza. Dunia nzima ilizungumza. Kwa kampuni yalikuwa mafanikio makubwa, na tangu hapo karibu kila gemu ya bunduki ina msimu, pasi na saa inayohesabu kurudi nyuma.

Zilizofungwa

Ungedhani basi kwamba mwenye fedha nyingi ndiye anayebaki na wachezaji. Orodha ya miaka ya karibuni inasema vingine.

Concord, ya kampuni ya Sony, ilitoka 23 Agosti 2024 na kuondolewa 6 Septemba mwaka huohuo. Wiki mbili tu. Walionunua walirudishiwa fedha zao, na mwezi uliofuata studio iliyoitengeneza ikatangazwa kufungwa. XDefiant ya Ubisoft, ambayo ilikuwa bure, ilianza Mei 2024 na seva zake zikazimwa Juni 2025.

Kwenye simu, Apex Legends Mobile ilizinduliwa Mei 2022. Mwaka huohuo Apple iliitaja kuwa gemu bora ya iPhone. Mei 1, 2023 ilikuwa imefungwa, na sarafu za ndani zilizonunuliwa kwa fedha halisi zikafungwa nayo.

Inayotuhusu zaidi ni Call of Duty: Warzone Mobile. Kabla haijatoka, zaidi ya watu milioni 50 walikuwa wamejiandikisha kuisubiri. Ilitoka 21 Machi 2024. Mei 18, 2025 iliondolewa katika maduka ya programu na misimu mipya ikasitishwa. Activision, mmiliki wake, ilieleza kwamba gemu haikufikia matarajio kwa watu ambao simu ndiyo kifaa chao kikuu cha kuchezea.

Watu hao ndio sisi. Afrika Mashariki wengi hawakupitia kompyuta wala PlayStation. Simu ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho. Warzone Mobile ilitaka simu yenye nguvu, ilikuwa nzito kupakua, na iliendelea kushusha picha za ramani wakati mtu yuko katikati ya mchezo. Ilipeleka tamaa ya skrini kubwa kwenye mikono ya watu wanaonunua intaneti kwa MB.

Kwa nini Free Fire imebaki

Linganisha na Free Fire ya kampuni ya Garena ya Singapore. Ilitoka mwishoni mwa 2017, wachambuzi wengi wakaidharau kwa picha zake za kawaida. Mwaka 2020 kampuni ilitangaza kwamba zaidi ya watu milioni 100 waliicheza katika siku moja. Bado ipo, na katika vijiwe vya vijana Tanzania ni miongoni mwa majina ya kwanza kutajwa.

Sababu si fumbo. Ilitengenezwa kwa ajili ya simu za bei nafuu. Mchezo mmoja una watu 50 na huisha ndani ya takriban dakika 10, wakati PUBG Mobile, iliyotoka Machi 2018, huweka watu 100 na mchezo mmoja unaweza kufika nusu saa. Dakika 10 zinatosha kabla boti haijasukumwa majini au simu haijaisha chaji. Chaji nayo si jambo dogo Rukwa: kwa miaka mingi Sumbawanga imetegemea umeme unaonunuliwa Zambia, na mradi wa njia kuu ya umeme kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ndio unaolenga kumaliza utegemezi huo.

Umbali nao una sehemu yake. Ishara ikisafiri kwenye mkongo, kila kilomita 1,000 huongeza takriban milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Kutoka Kasanga hadi Dar es Salaam, kwa barabara, ni zaidi ya kilomita 1,000, na hapo ishara haijavuka bahari kuifuata seva. Kijana wa Kasanga akimwona adui, adui huyo ameshasogea. Gemu ambayo kila risasi inategemea wepesi wa jicho humwumiza. Ile inayotoa nafasi ya kujificha, kuvizia na kupanga mbinu na wenzake humpa haki yake, kwa sababu akili haicheleweshwi na nyaya.

Hata hivyo nisiisifu Free Fire kupita kiasi. Inauza daimondi, sarafu yake ya ndani, na inauza bahati: mchezaji hulipia kuzungusha gurudumu bila kujua atapata nini. Tutarudi hapo.

Kampuni zinajitetea vipi

Watengenezaji wana hoja nzito na ni haki kuzisikia. Seva hazilipiwi mara moja. Wizi wa ushindi kwa programu haramu, ule wa kumwezesha mtu kuona kupitia ukuta au kulenga bila kulenga, unahitaji timu inayoufuatilia usiku na mchana. Walaghai wakiachwa wiki chache tu, waaminifu huondoka na hawarudi. Ramani mpya, silaha mpya na sauti mpya ni mishahara ya mamia ya watu.

Wanasema pia kwamba mchezaji asiyelipa, ambaye ndiye wengi wetu, anabebwa na wachache wanaolipa. Pasi ya msimu, kwa maoni yao, ni bora kuliko kuuza bunduki yenye nguvu kwa mwenye fedha. Kuuza vazi hakumwonei yeyote uwanjani.

Hoja hiyo naikubali. Nisichokubali ni tarehe ya kuisha. Mwenye duka kijijini anayemfuta mteja kwenye daftari kwa sababu amekwenda ziwani wiki tatu, na kubaki na fedha aliyoitanguliza, hawezi kudai kwamba anajenga wateja.

> Kuuza vazi hakumwonei yeyote uwanjani. Nisichokubali ni tarehe ya kuisha.

Njia nyingine ipo na imejaribiwa. Halo Infinite ilipotoka mwaka 2021, pasi zake hazikuwa na mwisho: ulichonunua unakifungua kwa muda wako. Helldivers 2, ya studio ya Arrowhead ya Sweden, iliyotoka Februari 2024, ilifanya hivyohivyo. Ndani yake wachezaji wote wanapigana vita moja ya pamoja, na matokeo ya vita hiyo huamua nini kinafuata. Mtu hurudi kwa sababu anataka kujua sayari gani imeangukia kwa adui, na zawadi zake anazikuta palepale alipoziacha.

Tuliopo nje ya orodha

Helldivers 2 hiyohiyo ilitufunza somo chungu. Mapema Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa kompyuta lazima wawe na akaunti ya PlayStation Network. Gemu ikaondolewa sokoni kwa kompyuta katika nchi na maeneo 177 ambako huduma hiyo haipo rasmi. Kusini mwa Sahara huduma hiyo inaitambua Afrika Kusini. Tanzania haimo.

Wachezaji wa dunia nzima waliandika malalamiko kwa wingi kiasi kwamba ndani ya siku chache Sony iliachana na sharti hilo la akaunti. Waliopaza sauti wengi walikuwa Wazungu na Wamarekani ambao wao wenyewe hawakufungiwa mlango. Nalitaja kwa shukrani, na kwa sababu linaonyesha kitu ambacho chati haionyeshi: watu hubaki kwenye gemu kwa ajili ya watu. Mwenzako wa kikosi akizuiwa, nawe umepungukiwa.

Upande wa malipo, Carry1st ya Cape Town, iliyoanzishwa mwaka 2018, imejenga biashara yake juu ya ukweli kwamba Mwafrika hulipa kwa pesa ya simu na si kwa kadi ya benki. Nairobi nayo ilijaribu kutengeneza ya kwake: Andrew Kaggia na studio yake ya Black Division Games walitoa Nairobi X mwaka 2015, gemu ya bunduki ambayo mchezaji anaulinda mji huo dhidi ya wavamizi kutoka anga za mbali. Ilithibitisha kwamba uwezo upo. Gharama ya kuendesha seva na kutoa ramani mpya mwaka baada ya mwaka ndiyo inayohitaji mtaji.

Wazazi na sheria

Kuna upande mwingine, ambao kwake neno la kumfanya mchezaji abaki linatisha. Ni mzazi anayekuta salio la simu limekwisha, au mwalimu anayeona mtoto anasinzia darasani.

Hofu yao ina ushahidi. Desemba 2022, Epic Games, wamiliki wa Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 kufuatia madai ya Tume ya Biashara ya Marekani. Kati ya hizo, milioni 245 zilihusu namna vitufe vilivyopangwa hadi watu, wakiwemo watoto, wakanunua bila kukusudia. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati yanayolipiwa ndani ya gemu ni kamari. China iliamua Agosti 2021 kwamba mtoto acheze gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. India iliifungia PUBG Mobile mwaka 2020 na Free Fire mwaka 2022, ingawa hoja yake ilikuwa usalama wa data.

Mimi siungi mkono kufungia. Kijana wa Kasanga aliyemaliza kazi ana haki ya kucheza na rafiki zake kama mwenzake wa Dar es Salaam, na vidole vyake vikiwa kwenye simu havimdhuru mtu. Lakini gurudumu la bahati ni jambo lingine. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi inayoisimamia, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari. Mtoto wa miaka 13 anayelipia daimondi ili azungushe gurudumu asilojua litampa nini anafanya jambo ambalo kwenye mashine ya sarafu angefukuzwa.

> Mtoto wa miaka 13 anazungusha gurudumu la kulipia kwenye simu. Kwenye mashine ya sarafu angefukuzwa.

Kinachotakiwa

Kwa kampuni, mambo yanajulikana. Zitoe toleo jepesi na kumruhusu mtu apakue ramani anayoitaka tu. Ziache pasi iliyolipiwa ikae mpaka imalizike. Anayerudi baada ya mwezi apokewe, aelezwe kilichobadilika kwa dakika moja, na apangiwe mechi na wa kiwango chake. Na zikiamua kufunga, zitoe taarifa mapema na kuacha njia ya kuendelea kucheza. Mwaka 2024 Mmarekani Ross Scott alianzisha kampeni ya kudai hilo baada ya gemu moja ya magari kuzimwa, na kufikia Julai 2025 waombaji zaidi ya milioni moja walikuwa wametia saini ombi kwa Umoja wa Ulaya.

Bodi ya Michezo ya Kubahatisha itamke wazi msimamo wake kuhusu bahati inayouzwa ndani ya gemu za simu, na iseme nani anawajibika mnunuzi akiwa mtoto. Kampuni za simu, ambazo fedha hiyo hupitia mikononi mwao, nazo zina la kujibu.

Kwa wachezaji: kabla ya kulipia pasi, tazama tarehe ya msimu kuisha na uhesabu siku utakazokuwa kazini. Kama hazitoshi, usilipe. Kampuni husoma tarakimu za mauzo kwa makini kuliko zinavyosoma barua.

Na kwa mzazi anayesoma makala haya: leo, kabla hujamwachia mtoto simu, fungua mipangilio ya duka la programu na uweke nywila kwa kila ununuzi. Usimpe nywila hiyo, na usiihifadhi kwenye simu hiyohiyo.